Kwenda Alaska kwa Meli: Mwongozo Kamili wa Kuifikia Barafu Bila Kuachwa Bandarini

Maswali yanayonifikia kuhusu safari za meli za Alaska yanafanana mno, na mengi huja maji yakiwa yameshamwagika. Mtu kalipia chumba cha watu wanne melini, kanunua tiketi za ndege mpaka Seattle, kafika gatini akaambiwa hapandi kwa sababu hana viza ya Kanada. Mwingine kapanda salama, kala, kalala, karudi nyumbani na picha za bwawa la kuogelea. Ile ghuba ya barafu aliyoiona mtandaoni, meli yake haikuwa hata na ruhusa ya kuingia.

Wote wawili walianza na meli. Anza na pasipoti, halafu chagua barafu, halafu bandari ya kuondokea. Jina la meli na idadi ya migahawa yake vije mwisho kabisa.

Mwongozo huu ni kwa safari ya kawaida ya siku saba hivi kwenye pwani ya kusini-mashariki ya Alaska, ile njia ya visiwa na mikono ya bahari iitwayo Inside Passage. Utamfaa anayetokea Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, na pia ndugu zetu walioko Marekani na Kanada, ambao ndio wengi wanaoulizia.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pasipoti yenye uhai wa angalau miezi sita baada ya tarehe ya kurudi, na kurasa tupu.
- Viza ya Marekani ya kuingia zaidi ya mara moja, au green card (kadi ya ukazi wa kudumu wa Marekani), au uraia.
- Ruhusa ya kuingia Kanada (maelezo yako Hatua ya 1).
- Kadi ya benki inayokubali malipo ya dola na yenye nafasi ya ziada. Meli huzuia kiasi fulani cha fedha kwenye kadi tangu siku ya kwanza.
- Bima ya safari inayotaja kwa maandishi kuhamishwa mgonjwa kwa dharura.
- Koti la mvua lisilopitisha maji, sweta la manyoya mepesi, nguo za ndani za joto, kofia, glavu.
- Darubini. Ya kawaida, yenye namba 8x42 au karibu na hapo, inatosha.
- Muda. Kwa anayeomba viza mbili, anza mwaka mmoja kabla.

## Hatua ya 1: Maliza karatasi kabla ya kulipa hata senti

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Meli karibu zote kubwa za kitalii zinazokwenda Alaska zimesajiliwa nje ya Marekani: Bahamas, Panama, Bermuda na kwingineko. Sheria ya Marekani ya mwaka 1886 hairuhusu meli ya bendera ya kigeni kuchukua abiria kwenye bandari ya Marekani, kuwazungusha kwenye bandari nyingine za Marekani na kuwarudisha bila kugusa nchi ya kigeni. Ndiyo maana meli inayotoka Seattle na kurudi Seattle lazima itie nanga Kanada, mara nyingi mjini Victoria, tena jioni kwa saa chache tu.

Kwenye ratiba, Victoria inaonekana kama kituo cha kunyoosha miguu. Kwa mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, kituo hicho ni viza nzima. Na kusema "mimi sitashuka melini" hakusaidii, kwa sababu karatasi hukaguliwa Seattle kabla hujapanda.

Tafuta kundi lako:

Unaishi Afrika Mashariki. Unahitaji viza ya Marekani na viza ya Kanada. Anza na ya Marekani kwa sababu foleni ya usaili ndiyo ndefu. Hakikisha ni ya kuingia mara nyingi: ukitoka Seattle ukagusa Victoria, unarudi Marekani upya. Mwaka 2025 Marekani ilibana viza za matembezi kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi na Tanzania zikiwemo, na masharti haya hubadilika. Soma tovuti ya ubalozi wa Marekani nchini mwako wiki hiyohiyo unayotaka kuomba, wala usitegemee alichoambiwa jirani yako mwaka juzi.

Una green card. Huhitaji viza ya Kanada, lakini tangu Aprili 2022 Kanada inataka uonyeshe vyote viwili: green card hai na pasipoti hai ya nchi yako. Wapo waliokaa Marekani miaka kumi, pasipoti ya nyumbani imeisha zamani na hawaikumbuki. Kadi peke yake haitoshi.

Wewe ni mkazi wa kudumu wa Kanada lakini bado una pasipoti ya nyumbani. Upande wako ni kinyume: Kanada huna shida, ila Alaska ni Marekani, na unahitaji viza ya Marekani hata kama meli inaondokea Vancouver.

Unasafiri na watoto bila mzazi mwenzio. Beba barua ya ridhaa iliyosainiwa mbele ya wakili, pamoja na cheti cha kuzaliwa. Maofisa wa Kanada huiulizia.

Halafu kuna suala la majina. Fungua pasipoti yako, tazama ile mistari miwili ya herufi na alama za << chini ya ukurasa wa picha. Jina linalotangulia alama hizo mbili ndilo ambalo mashine inalihesabu kuwa la ukoo; yanayofuata ni yako. Jaza fomu ya meli na ya ndege kwa mpangilio huohuo, hata kama nyumbani hakuna anayekuita hivyo. Sisi wenye majina matatu, ambao mara hii "la ukoo" ni la babu na mara ile ni la baba, ndio tunaosimamishwa pembeni ya foleni.

*Onyo:* sheria hiyohiyo ya 1886 inakuzuia kupanda Seattle na kushukia Juneau ukaishia hapo. Kampuni hutozwa faini ya mamia ya dola kwa kila abiria, na mkataba wa tiketi yako unasema faini hiyo utailipa wewe.

### Kama una viza ya Marekani tu

Usikate tamaa, barafu ipo bila Kanada. Panda ndege hadi Anchorage, nenda Seward kwa gari au treni (kama kilomita 200), kisha chukua boti ya siku moja ya kuzunguka Kenai Fjords. Au nenda Whittier, ambako boti za kutwa huingia ghuba ya Prince William Sound na kupita mito ya barafu kadhaa (barafu nene inayoteremka polepole kutoka milimani) kwa safari moja. Barabara ya kufika Whittier hupita kwenye handaki la kilomita 4 lenye njia moja tu, ambayo magari na treni hupokezana, basi angalia ratiba ya handaki kabla ya kuondoka.

Vilevile zipo meli ndogo zenye bendera ya Marekani zinazoanzia na kuishia Juneau au Sitka. Bei yake ni kali. Na zipo feri za serikali ya jimbo, Alaska Marine Highway, zinazotoka Bellingham, karibu na mpaka wa Kanada, mpaka Ketchikan bila kusimama Kanada. Abiria wengine hufunga mahema yao juu ya sitaha na kulala humo. Si starehe, lakini mandhari ni ileile ya wenye meli za ghorofa kumi na tano.

*Hatua hii imekamilika* ukiwa umeweka mezani kila karatasi ya kila msafiri, tarehe zote zinavuka siku ya kurudi, na majina yanasomeka sawa kila mahali. Sio "maombi yako njiani".

## Hatua ya 2: Chagua barafu, si meli

Ratiba zote hujiita "za barafu". Soma jina la mahali halisi. Makubwa ni haya:

Glacier Bay. Hii ni hifadhi ya taifa, na meli kubwa zinazoruhusiwa kuingia ni mbili tu kwa siku. Nafasi nyingi zinashikwa na kampuni chache, hasa Holland America, Princess na Norwegian. Meli hukaa humo karibu kutwa nzima, askari wa hifadhi wakipanda asubuhi kueleza mnachokiona. Kilele cha siku ni mto wa barafu wa Margerie: ukuta wa kama mita 75 juu ya maji, na upana wa zaidi ya kilomita moja na nusu. Hamshuki. Mnatazama kutoka sitahani.

Hubbard. Mto mmoja wa barafu wenye urefu wa kilomita 122 hivi, yaani zaidi ya kutoka Dar mpaka Chalinze, unaoishia baharini kwa uso wa kama kilomita 10. Ukiukaribia vizuri, hakuna kinachoushinda. Shida ni hiyo "ukiukaribia": mwanzoni mwa msimu vipande vinavyoelea huwa vingi na nahodha anaweza kugeuza akiwa mbali. Kwa Hubbard, Julai na Agosti ni salama kuliko Mei.

Endicott Arm na Tracy Arm. Mikono miwili myembamba ya bahari kusini mwa Juneau, kuta za mawe pande zote, maporomoko ya maji yakishuka kutoka juu. Dawes ndio mto wa barafu wa Endicott. Agosti 2025 mlima uliporomoka Tracy Arm karibu na mto wa South Sawyer na kusukuma wimbi kubwa, na meli nyingi zikaelekezwa Endicott. Ratiba ikisema Tracy Arm, uliza kwa maandishi kama kweli wanakwenda huko.

College Fjord. Iko kaskazini zaidi, Prince William Sound. Utaikuta kwenye safari za kwenda bila kurudi, zile za Vancouver hadi Whittier.

Kama hii ni safari ya mara moja maishani, chukua Glacier Bay, hata kwa meli kuukuu yenye migahawa miwili. Meli mpya zenye magari ya mbio juu ya sitaha si zote zinazoingia humo, na wauzaji hawalisemi hilo mpaka uwabane.

*Hatua hii imekamilika* ukiweza kutaja kwa jina mahali, siku na saa ambazo meli itakuwa mbele ya barafu. "Scenic cruising", yaani kutazama mandhari melini, bila jina la mahali haijakuambia kitu.

## Hatua ya 3: Bandari ya kuondokea na mwezi

Seattle ni rahisi kwa ndege na nauli. Lakini meli nyingi kubwa za kutoka Seattle hupita nje ya kisiwa cha Vancouver, bahari ya wazi, na usiku wa kwanza na wa mwisho mawimbi yanaweza kukuamsha. Zinazotoka Vancouver hupita ndani, kati ya kisiwa na bara, maji yametulia. Mwenye tumbo jepesi aondokee Vancouver. Faida nyingine ya Vancouver: uhamiaji wa Marekani unamalizwa palepale gatini, Canada Place, kabla ya kupanda.

Safari za kwenda bila kurudi, kati ya Vancouver na Whittier au Seward, zinakupa barafu zaidi, na ukitaka unaendelea kwa treni hadi hifadhi ya Denali, bara. Gharama yake ni tiketi ya ndege inayoingilia mji mmoja na kutokea mwingine. Piga hesabu ya jumla kabla hujafurahia bei ya meli.

Msimu ni kuanzia Aprili hadi Oktoba.

Mei ni mkavu kuliko miezi mingine na bei iko chini, ila theluji bado imekaa kwenye njia za milimani. Juni siku ni ndefu ajabu. Julai na Agosti samoni wanapanda mito, dubu wanawafuata, nyangumi wapo kila mahali, na bei inajua hivyo. Septemba ni nafuu, ina mvua, na usiku ukiwa mweupe bila mawingu taa za kaskazini, ile mianga ya rangi inayocheza usiku, zinaweza kuonekana angani.

Kwa Waislamu: mjini Juneau katikati ya Juni jua huzama baada ya saa 4 usiku na kuchomoza kabla ya saa 10 alfajiri, na giza kamili haliingii. Muulize shehe wako mapema utafuata hesabu gani ya Isha na Alfajiri. Ukiwa katikati ya bahari na intaneti ya kubahatisha, swali hilo halina wa kulijibu.

## Hatua ya 4: Hesabu ya kweli na chumba

Bei unayoiona kwenye tangazo ni ya mtu mmoja, kwa chumba cha watu wawili. Ukisafiri peke yako utalipa karibu mara mbili. Halafu vinafuata:

- Kodi na ada za bandari, ambazo kwa Alaska si kidogo. Mara nyingi hupita dola 200 kwa kila mtu.
- Bakshishi ya wafanyakazi, kati ya dola 16 na 20 kwa mtu kwa siku kwenye kampuni nyingi. Watu wawili kwa siku saba ni zaidi ya dola 220, na hukatwa yenyewe.
- Matembezi ya bandarini. Boti ya kutazama nyangumi ni kama dola 150 hadi 220. Helikopta inayotua juu ya barafu huanzia kwenye mamia kadhaa.
- Hoteli ya usiku mmoja kabla ya kupanda.
- Intaneti, vinywaji na picha za mpiga picha wa meli. Za mwisho hizi ziache.

Kuhusu chumba: wauzaji watakusukuma ununue chenye roshani. Kwa kijana au mtu mwenye miguu mizima, mimi ningechukua kile cha ndani kisicho na dirisha, tofauti ya bei nikaipeleka kwenye boti ya nyangumi. Siku ya barafu mahali pazuri ni sitaha ya wazi, siyo roshani ya upande mmoja. Lakini kama umemleta mama mzazi, au una mtoto mchanga, roshani inalipa kila senti: bibi anakaa na blanketi lake na chai, barafu inamfuata alipo.

Chakula: kampuni kubwa nyingi huandaa chakula halali au kisicho na nguruwe ukiomba kwa maandishi miezi miwili au zaidi kabla. Ukingoja kumwambia mhudumu usiku wa kwanza, wiki nzima utakula samaki na mboga. Si adhabu mbaya, samoni ya Alaska ni tamu, ila uwe umeichagua mwenyewe.

*Onyo:* malipo ya mwisho hudaiwa kama miezi mitatu kabla ya safari, na baada ya hapo kujitoa kunakula sehemu kubwa ya fedha. Tarehe hiyo iwe baada ya viza zote kutoka.

Bima usiifanyie ubahili. Kliniki ya meli hutoza kwa bei zake, bima ya kazini kwako huenda isitambulike humo, na helikopta ya kumtoa mgonjwa baharini ni gharama ya kuuza kiwanja.

## Hatua ya 5: Nguo

Bandarini kiangazi ni kati ya nyuzi 10 na 18. Mbele ya barafu upepo unashuka kutoka juu ya mto wenyewe na mwili unahisi karibu na sifuri. Ketchikan hupata mvua ya karibu mita nne kwa mwaka, kwa hiyo usijipe moyo kwamba siku yako itakuwa kavu.

Vaa matabaka: fulana ya joto, sweta, koti la mvua juu. Koti moja nene la baridi halisaidii, kwa sababu saa 4 asubuhi unaganda na saa 8 mchana unatoa jasho. Mwavuli uache nyumbani, upepo utauvunja na utawachoma wenzio macho. Jinzi zikilowa hazikauki mpaka kesho.

Usinunue dukani kwa bei ya Seattle. Gikomba na Toi kwa Nairobi, Karume na Manzese kwa Dar, makoti ya baridi ya kampuni za maana yamelala kwenye marobota bila wanunuzi. Jaribio ni rahisi: geuza koti ndani nje, tazama mishono. Koti la mvua la kweli lina utepe mwembamba uliobandikwa juu ya kila mshono. Utepe ukiwa umebanduka au unang'oka ukiugusa kwa ukucha, litavuja mabegani. Kisha mwagia maji ya chupa kwenye mkono wa koti. Yakiviringika kama shanga na kudondoka, lipia. Yakizama na kuacha doa jeusi, rudisha.

## Hatua ya 6: Matembezi ya bandarini

Hapa makosa ni mawili: kununua yote, au kutonunua lolote ukitegemea kupata pale.

Juneau. Fanya safari ya kutazama nyangumi hapa, au kule bandari ya Icy Strait Point kama meli yako inasimama Hoonah. Mto wa barafu wa Mendenhall uko kama kilomita 19 kutoka gatini. Mabasi ya wageni yana vibali vya idadi maalumu na huisha mapema, weka nafasi kabla hujasafiri. Mfuko ukiwa mwepesi, basi la kawaida la mjini hukushusha kama kilomita 2.4 kutoka kituo cha wageni, unamalizia kwa miguu. Mto wenyewe umerudi nyuma sana, basi usikae kwenye uzio wa kituo. Shika njia ya tambarare hadi maporomoko ya Nugget.

Skagway. Treni ya White Pass inapanda karibu mita 900 ndani ya kilomita 32 tu. Ukipanda, kaa kushoto. Safari ya kwenda kileleni na kugeuza haishushi mtu, lakini zile zinazofika Fraser na Carcross zinaingia Kanada na zinataka pasipoti na ruhusa ya Kanada mkononi.

Ketchikan. Tembea kwa miguu, utazame nguzo za kuchongwa za Watlingit, wenyeji wa asili wa pwani hii, kisha urudi. Pesa zako zihifadhi.

Ukinunua kupitia meli, basi likichelewa meli itakungoja. Ukinunua kwa mtu wa bandarini ni nafuu, ila ukichelewa meli inaondoka, na kutoka Juneau hakuna barabara ya kuifuata. Kila mara acha nafasi ya saa mbili.

*Onyo kuhusu saa:* Alaska iko saa moja nyuma ya Seattle, na saa 11 nyuma ya Afrika Mashariki. Meli nyingine hubadili saa zake, nyingine hazibadili, na simu yako itafuata mnara wa nchi kavu. Fuata saa ya meli tu. Na anayewaza kwa saa za Kiswahili aandike muda wa kurudi kama ulivyo kwenye karatasi ya meli: 16:30 ni saa 10 na nusu jioni. Kuna watu waliosoma 16:30 haraka haraka wakajua wana mpaka saa 12 na nusu.

## Hatua ya 7: Siku ya kupanda

Fika mji wa kuondokea jana yake. Ndege ya asubuhi kwa meli ya alasiri ni kamari.

Seattle ina gati mbili za meli za kitalii, Pier 66 katikati ya mji na Pier 91 kaskazini mwake. Teksi ikikupeleka siyo, utavuka mji mzima na foleni. Andika namba ya gati kwenye simu, mwonyeshe dereva.

Pasipoti, dawa, darubini, koti na chaja vikae kwenye begi la mkononi. Masanduku makubwa yanachukuliwa gatini na huenda usiyaone mpaka jioni.

Ukishaingia chumbani, weka simu kwenye hali ya ndege. Mtandao wa setilaiti wa meli hujishika wenyewe, na dakika chache za WhatsApp zinaweza kukuletea bili ya kukufanya ukae chini.

*Umefika salama* ukiwa na kadi ya meli shingoni, umehudhuria zoezi la usalama, na umemwambia ofisa wa mapokezi kuhusu chakula chako kwa mara ya pili.

## Hatua ya 8: Siku ya barafu

Usiku wa kuamkia siku hiyo soma karatasi ya ratiba ya siku. Kwa Glacier Bay, askari wa hifadhi hupanda asubuhi na mapema kutoka boti ndogo. Kunywa chai mapema, vaa kila kitu, toka nje saa moja kabla ya kufika mbele ya ukuta. Sitaha ya mbele kabisa, ile ya chini inayofungwa siku nyingine, mara nyingi hufunguliwa leo. Uliza mapokezi.

Usigombanie upande. Nahodha huigeuza meli taratibu ili pande zote zione. Wanaokimbia kutoka kushoto kwenda kulia ndio wanaokosa.

Tazama chini ya ukuta, kwenye maji, kabla ya juu. Vipande vidogo vikianza kudondoka sehemu moja mfululizo, kaza macho hapo. Kipande kikubwa kinapokatika, macho yanaona kwanza: uso unateleza kimyakimya, maji yanaruka, kisha mlio unafika, mzito kama radi. Ukingoja kusikia ndipo ugeuke, utakuta mawimbi tu. Rekodi ya simu inasubiri sekunde, macho hayasubiri. Simu nayo iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, baridi hula chaji upesi.

Baadhi ya barafu ni ya buluu kabisa. Imegandamizwa mpaka hewa imetoka, inameza mwanga mwekundu na kurudisha wa buluu. Juu ya vipande vinavyoelea tafuta madoa meusi marefu. Ukiweka darubini, yatainua vichwa. Ni sili, wengine na watoto wao.

Ukungu ukishuka au barafu ikiziba njia, nahodha atageuza na hakuna atakayekurudishia nauli. Hilo limo kwenye mkataba. Siku za namna hiyo wengi hukimbilia ndani baada ya dakika kumi. Kaa nje kidogo zaidi, ukungu wa kule hufunguka ghafla.

## Hatua ya 9: Kushuka

Usiku wa mwisho masanduku yanawekwa nje ya mlango, na abiria wengi hufunga hata viatu vya kesho. Bakiza chumbani seti moja ya nguo, pasipoti na dawa.

Pitia bili kwenye televisheni ya chumbani kabla ya kulala. Kitu usichokijua kipinge usiku huo. Asubuhi foleni ya mapokezi inafika ngazini.

Ndege ya kutoka Seattle au Vancouver iwe baada ya saa 7 mchana. Kwa walioshukia Seward, hesabu mwendo wa saa mbili na nusu hadi Anchorage bila msongamano, na uiweke ndege ya jioni. Beba pasipoti mkononi tangu mlangoni mwa chumba: ofisa wa uhamiaji ndiye mtu wa kwanza utakayemkuta chini ya ngazi, na hapo ndipo wengi hufungua masanduku sakafuni kuitafuta.